Elektrodi rejea ipi uchukue: silva kloridi, kalomeli, shaba na mrututu, haidrojeni au waya mtupu?

Kama uko kwenye projekti ya mwaka wa mwisho, au umeajiriwa kupima mabomba kama yamelindwa na kutu, au umeambiwa tu "agiza refarensi" na katalogi iko mbele yako imejaa aina kibao, hii ni ya kwako. Watu wengi wanachagua kwa bei, wengine kwa mazoea ya supavaiza, wengine wanachukua iliyokuwa kabatini wanapuliza vumbi wanaendelea. Kuna siku inakubali. Kuna siku data ya miezi inabaki haisomeki kwa sababu hakuna anayejua sifuri ilikuwa wapi.

Kwanza tuelewane hiki kitu kinafanya kazi gani maana bila hapo uchaguzi unakuwa bahati nasibu.

Volteji ya kitu kimoja haipimiki, siku zote unapima tofauti ya viwili. Ukiunganisha multimita kwenye bomba la chuma, ule waya wa pili lazima uguse kitu, na hicho kitu cha pili kikiwa nacho kinayumba basi namba ikibadilika hujui nani kayumba. Elektrodi rejea ndo huyo wa pili ambaye amelipwa atulie tu.

Anatuliaje? Chukua ile ya silva. Ni waya wa silva uliopakwa silva kloridi, umezama ndani ya maji ya potasiamu kloridi (KCl), na mwisho wa kibomba kuna kizibo chenye vitundu vidogo sana, wengi tunakiita friti, kinachoruhusu ayoni zipite taratibu. Pale kwenye waya kuna mmenyuko unaoenda mbele na kurudi nyuma haraka mno: silva kloridi ikipokea elektroni inageuka silva na kuachia kloridi, kisha kinyume chake. Silva ni yabisi, silva kloridi nayo ni yabisi, hizo ukali wake haubadiliki, kwa hiyo kinachobaki kuamua volteji ni kloridi iliyomo kwenye maji tu. Na hiyo kloridi umeijaza wewe, nyingi. Nernst, Mjerumani, aliweka hesabu yake 1889: kwa nyuzi 25 kloridi ikipungua mara kumi volteji inapanda kama milivolti 59. Sasa ikipungua asilimia moja ni kama robo ya milivolti, nani ataiona.

Sharti lake ni usiipitishie mkondo. Ukipitisha mkondo unaila ile silva kloridi au unaiongeza, na utulivu umeisha. Ndo maana kwenye labu kuna elektrodi tatu na si mbili: ya kazi, ya rejea, na msaidizi anayebeba mkondo wote, na potenshiosteti, kifaa kinachoziendesha hizo tatu (hilo jina limetoka kwa Hickling wa Uingereza, 1942), inahakikisha rejea haiguswi. Multimita nzuri ya dijito ina ukinzani wa ndani wa megaohm 10 hivi, inatosha kwa kazi nyingi. Zile za mshale za zamani kwa kazi hii waachie mafundi wa betri.

Na kwa nini KCl kila mahali? Kwa sababu potasiamu na kloridi zinatembea kwenye maji kwa mwendo unaokaribiana sana, kwa hiyo pale kwenye friti hakuna upande unaomtangulia mwenzake sana, na volteji ya ziada inayozaliwa pale inakuwa ndogo.

Halafu zile namba tofauti zisikutishe. Ni kama saa: wewe unasema saa mbili asubuhi, tiketi ya ndege imeandika 08:00, muda ni uleule ila mmeanzia kuhesabu sehemu tofauti, na asiyejumlisha sita ndo anaachwa. Huku kwetu cha kujumlisha ni hivi, kwa nyuzi 25, ukitaka kwenda kwenye skeli ya haidrojeni ya kawaida (SHE):

Silva/silva kloridi, KCl iliyoshiba (haiyeyuki tena zaidi ya hapo): ongeza 0.197 V
Silva/silva kloridi, KCl ya 3 M (moli 3 kwa lita): ongeza 0.210 V
Kalomeli (zebaki na zebaki kloridi), KCl iliyoshiba: ongeza 0.241 V (vitabu vingine vinaandika 0.244)
Shaba/mrututu (shaba salfeti) uliyoshiba: ongeza 0.316 V
Zebaki/zebaki salfeti, potasiamu salfeti iliyoshiba: ongeza kama 0.64 V

Kwa hiyo bomba lililosoma −0.85 V kwa shaba ni −0.534 V kwa haidrojeni, na ni −0.731 V kwa silva iliyoshiba. Bomba ni lilelile. Mtu akikuletea ripoti yenye namba bila kusema dhidi ya nini, mrudishie.

Vigezo

Kila moja nitaipitisha kwenye mambo yaleyale: inavuja nini na inaogopa nini, inatulia kiasi gani na joto inalivumilia vipi, matunzo na usalama na kupatikana kwake, halafu inamfaa nani. Bei ya shilingi siweki, inabadilika kila mzigo ukipita bandarini.

Ila vigezo havilingani uzito. Hicho cha kuvuja ndo baba lao. Kila elektrodi yenye friti inavuja, kidogo kidogo, hata mpya, na ni lazima ivuje maana bila hapo umeme wa ayoni hauna njia. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe: kinachotoka kitanisumbua kwenye solusheni yangu? Na la pili: solusheni yangu ikiingia ndani itaharibu nini? Ukijibu hayo mawili, nusu ya katalogi inajifuta yenyewe.

Silva/silva kloridi

Kuvuja na kuogopa. Inatoa potasiamu na kloridi. Kwa kazi nyingi za maji haina neno. Shida inaanza ukiwa unachunguza kutu ya stenlesi, maana kloridi ndo hasa inayoitoboa stenlesi vitundu, sasa unapima ugonjwa huku wewe mwenyewe unamlisha mgonjwa. Au uwe na platinamu kwenye asidi ya salfuriki, kloridi kidogo tu inang'ang'ania juu ya platinamu na mikunjo ya grafu yako inabadilika sura. Upande wa potasiamu mtego uko kwenye pakloreti: potasiamu pakloreti haiyeyuki vizuri, kwa hiyo inaganda palepale kwenye friti, unaona ukungu mweupe, na mita inaanza kuyumba kama inatafuta netiweki. Hapo watu wanabadilisha cha ndani wanaweka sodiamu kloridi.

Na yenyewe inaogopa nini? Salfaidi, protini, bafa ya tris. Kwenye KCl kali silva kloridi kidogo huwa inayeyuka, ikifika kwenye friti ikakutana na maji mepesi ya nje inaganda tena, na kama nje kuna salfaidi inageuka silva salfaidi nyeusi. Friti ikishakuwa nyeusi ujue njia inaziba. Dawa ni ile yenye vyumba viwili: cha ndani kina KCl na silva yake, cha nje unajaza chumvi isiyoleta ugomvi, mara nyingi potasiamu naitreti. Inaongeza bei na inaongeza kitu cha kukikumbuka kujaza ila kwa maji taka na sampuli za chakula au damu inajilipa.

Kutulia na joto. Ikitunzwa inakaa ndani ya milivolti moja mbili. Joto inalivumilia vizuri kuliko kalomeli, zipo zinazofanya kazi hadi maji yanapokaribia kuchemka. Mwanga haipendi, silva kloridi ni kemikali ileile iliyokuwa kwenye karatasi za picha enzi hizo, usiiache dirishani.

Matunzo na upatikanaji. Ihifadhi ndani ya KCl ya ukali uleule uliomo ndani. Tafadhali sio maji ya distila, maji ya distila yanaivuta KCl itoke na baada ya wiki una elektrodi yenye maji ya kunywa ndani. Kuhusu kupatikana, ujue tayari unayo: ile elektrodi ya pH mita, ile ya kioo yenye kitufe cha tundu juu na kidoa cheupe pembeni karibu na chini, ndani yake kuna silva/silva kloridi imejificha, na kile kidoa cheupe ndo friti yenyewe. Ndo maana unaambiwa ufungue kile kitundu wakati wa kupima, na maji ya ndani yawe juu kuliko ya sampuli, ili mtiririko uende nje na sio ndani. Wengi wanafanya kama sala bila kujua kwa nini.

Ya kujitengenezea nayo inawezekana. Waya wa silva safi, unausugua, unauzamisha kwenye Jik muda kidogo hadi upate rangi ya kijivu iliyokolea, unasuuza, umepata. Silva ya sonara mara nyingi ni 925, yaani ina shaba ndani, hiyo haifai kwa hapa hata kama mkufu ulikuwa mzuri.

Inamfaa nani. Mwanafunzi, labu ya kufundishia, anayepima kwenye maji ya kawaida, anayefanya kazi kwa joto la juu kidogo. Kama unanunua moja tu na hujui kesho utapewa kazi gani, wengi wanaangukia hapa. Kuna za jeli zisizojazwa tena, hizo zinafaa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kwa fildi, ila zikichoka ni za kutupa. Za kujaza zinaishi muda mrefu kama kuna mtu mmoja anayeziwajibikia. Kama labu yenu kila mtu ni wa kila mtu, chukua jeli.

Kuna pia silva ya baharini, haina KCl ndani kabisa, waya umepakwa silva kloridi na unaguswa na maji ya bahari moja kwa moja. Bahari yenyewe ndo inatoa kloridi, kama 0.55 M hivi, na unapata kama +0.25 V. Inapendwa kwa nguzo za gati na meli maana hakuna cha kujaza. Lakini fikiria ukiwa mdomoni mwa mto, tuseme delta ya Rufiji msimu wa masika, maji matamu yanasukuma maji chumvi. Kloridi ikishuka mara kumi sifuri yako imepanda milivolti 59, na chuma ambacho ukweli wake ni milivolti −760 kitasoma kama −819. Kigezo cha kusema chuma cha baharini kimelindwa na kutu, kwa silva, ni −800 au hasi zaidi. Umeona hatari iko upande gani? Namba inakudanganya kwamba chuma kiko salama. Kosa la upande huo ndo baya kuliko la upande mwingine.

Kalomeli

Kuvuja na kuogopa. Ni zebaki iliyokaa na zebaki kloridi, juu yake KCl iliyoshiba. Kinachovuja ni kilekile cha silva, kloridi na potasiamu, kwa hiyo yote niliyosema kuhusu stenlesi, platinamu na pakloreti yanahamia hapa bila kubadilisha neno. Tofauti yake ni kwamba haitoi silva, kwa hiyo kwa baadhi ya sampuli zinazogombana na silva inakaa vizuri.

Kutulia na joto. Kwa joto moja lisilobadilika ni mzee mtulivu kweli, ndo maana karne nzima ya vitabu na jedwali za kemia zimeandikwa kwa kalomeli. Tatizo ni ukiibadilishia joto. Ile KCl iliyoshiba inayeyuka zaidi ikipata joto na inaganda ikipoa, na kurudi kwenye namba yake inachukua muda. Ikipita nyuzi 50 au 60 ile zebaki kloridi yenyewe inaanza kuvunjika. Labu isiyo na kiyoyozi, kwa Dar au Mombasa saa nane mchana, bado uko chini ya hapo ila kupanda na kushuka kwa siku nzima utakuona.

Matunzo na usalama. Matunzo ni kama ya silva: punje za KCl zionekane chini, hifadhi kwenye KCl. Lakini ikianguka ikavunjika umemwaga zebaki sakafuni. Zebaki kwetu sio jambo la kwenye vitabu, kwenye machimbo madogo ya dhahabu watu wanaishika kwa mikono na madhara yake yanajulikana. Mkataba wa Minamata uliopitishwa 2013 na kuanza kazi 2017 ni wa kuipunguza, na vyuo vingi duniani vimeshaacha kununua kalomeli mpya. Na kuisafirisha kwa ndege ni kasheshe, zebaki inakula aluminiamu, kwa hiyo inahesabiwa mzigo wa hatari na karatasi zake ni nyingi.

Inamfaa nani. Anayerudia kazi ya zamani iliyoandikwa kwa kalomeli na anataka alinganishe bila hesabu za katikati, na labu ambayo tayari inazo nzima na ina utaratibu wa taka za zebaki. Kuinunua mpya leo lazima uwe na sababu.

Shaba na mrututu

Hii watu wa labu wanaidharau na watu wa mabomba wanalala nayo. Fimbo ya shaba safi ndani ya kibomba cha plastiki, mrututu uliyoshiba hadi punje za bluu zinabaki chini, na mwisho wake kizibo cha kauri au mti.

Kuvuja na kuogopa. Inavuja shaba na salfeti. Kwenye biika hiyo ni balaa, shaba itaenda kujipaka kwenye elektrodi yako na kila kitu kitasoma shaba. Kwenye udongo hakuna anayejali tone la mrututu. Inachoogopa ni kloridi: ikiingia ndani inaibana ile shaba na volteji ya rejea inashuka, matokeo yake bomba linasoma kama halijalindwa vya kutosha wakati limelindwa. Angalau hilo kosa linakufanya uwe mwoga, sio kama lile la Rufiji. Kwa hiyo ufukweni, kwenye udongo wa chumvi, au ndani ya maji ya bahari hii usiishushe, chukua silva.

Kutulia na joto. Sio ya usahihi wa labu, na haihitaji kuwa hivyo. Inaathirika na joto kama milivolti 0.9 kwa kila nyuzi, kwa hiyo elektrodi iliyoachwa juu ya boneti ikafika nyuzi 40 imeshasogea karibu milivolti 14 kutoka ile ya nyuzi 25. Na jua lenyewe likipiga moja kwa moja kwenye kile kidirisha cha plastiki linaisogeza, linaweza kufika makumi ya milivolti. Funga tepu nyeusi. Hilo ni jambo la dakika moja na watu wenye mikataba mikubwa hawalifanyi.

Matunzo na upatikanaji. Hapa inawashinda wote. Fimbo unaisugua na msasa usio na chuma hadi ing'ae, unaweka mrututu mpya na maji ya distila, imerudi kuwa mpya. Mrututu wa duka la pembejeo, ule wa kuchanganya na chokaa kwa ajili ya kahawa, unaweza kuwa na uchafu, kwa kazi ya ripoti nunua ulio safi wa labu, hauna gharama ya kutisha. Ni sumu kwa samaki na kwa tumbo lako pia, usimwage kwenye mfereji.

Fildi ukifika udongo ukiwa mkavu, mwagia maji kidogo pale unaposimamisha, vinginevyo ukinzani wa udongo unakula sehemu ya namba.

Inamfaa nani. Yeyote wa mabomba na matanki ya ardhini. Kigezo cha −850 milivolti cha kusema chuma kilichofukiwa kimelindwa kimejengwa juu ya elektrodi hii. Bomba kama la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola tangu 1968, au lile la Mombasa kwenda Nairobi, ni kazi ya kusimama kituo baada ya kituo, na kitu kinachovumilia kudondoka na kujazwa pembeni ya barabara kina thamani kuliko kile cha milivolti moja. Wa majengo pia: kwenye zege, kiwango cha ASTM C876 kinasema ukisoma hasi zaidi ya −350 milivolti kwa shaba, uwezekano wa nondo kuwa inashika kutu umepita asilimia 90, na ikiwa juu ya −200 uwezekano wa kutokuwa na kutu ndo umepita 90. Katikati hapo hujui, ongeza vipimo vingine.

Haidrojeni

Ile ya kawaida, SHE, ndo sifuri ya dunia kwa makubaliano, kwa joto lolote. Platinamu yenye unga mweusi wa platinamu, haidrojeni ya shinikizo la bar 1, asidi yenye ukali uliopangwa. Kuvuja haina kloridi, safi kabisa. Kuogopa: salfaidi, sayanaidi, aseniki, vyote vinaua ule unga wa platinamu. Matunzo ni mtungi wa gesi inayolipuka mezani. Kwa kazi ya kila siku hakuna anayeitumia, iko pale kama sifuri ya kuandikia.

Ndugu yake ya vitendo ni RHE, haidrojeni ndani ya solusheni ileile unayopimia. Hapa hakuna cha kuvuja kwa sababu ndani na nje ni kitu kimoja, jambo zuri sana kwa wanaofanya mafyueli seli (zinazogeuza haidrojeni kuwa umeme) na kupasua maji kupata haidrojeni. Tena inafuata pH, kwa hiyo namba za asidi na za alkali unazilinganisha moja kwa moja. Mtungi sio lazima: kibomba cha kioo kilichozibwa juu, waya wa platinamu ndani, unazalisha kiputo cha haidrojeni kwa umeme na kukinasa palepale, nusu ya waya kwenye gesi nusu kwenye maji. Kiputo kikiisha unatengeneza kingine.

Kama huna, watu wanapima kwa silva halafu wanahesabu: namba ya silva, ongeza 0.197, ongeza 0.0591 mara pH. Kwa pH 13 unaongeza jumla 0.965 V. Inakubalika, mradi pH umeipima na sio umeikadiria, kwa sababu kosa la pH 0.5 peke yake ni karibu milivolti 30, na kwenye kazi za kichocheo milivolti 30 ndo makala nzima.

Inamfaa nani: mtu wa nishati. Mwingine yeyote inamchosha tu.

Zile mbili za zebaki za kazi maalumu

Zebaki/zebaki salfeti inavuja salfeti badala ya kloridi, kwa hiyo ukiwa kwenye asidi ya salfuriki, ukichunguza betri za risasi za magari au solar, ndani na nje kunakuwa kitu kilekile, amani. Zebaki/zebaki oksaidi ni ya alkali kali, ndani unajaza hidroksaidi ileile ya nje. Silva kwenye alkali kali inateseka, hidroksaidi ikiingia inatengeneza silva oksaidi, na friti ya kioo nayo inaliwa taratibu. Kutulia zote mbili ziko vizuri, usalama ni ule wa kalomeli, na usitumie namba ya kitabu kwa ile ya oksaidi, inategemea ukali wa alkali uliyojaza, ipime mwenyewe dhidi ya RHE. Zinawafaa wenye hizo kazi na basi.

Waya mtupu

Kuna wakati unachovya tu waya wa silva au platinamu kwenye solusheni na kuuita refarensi. Wenye heshima zao wanacheka, ila kwenye viyeyusho visivyo na maji, kama asetonitraili, ina mantiki: ukileta KCl ya maji pale umeleta maji mahali pasipotakiwa maji, na KCl haiyeyuki humo, inaganda kwenye friti. Waya hauvuji kitu. Kutulia ndo hautulii kwa ahadi yoyote, leo hapa kesho pale. Kwa hiyo mwisho wa jaribio unatia ferosini kidogo (kiwanja cha chuma kinachotumika kama alama ya kulinganishia), unapima ilipo, na namba zako zote unaziandika dhidi ya ferosini. IUPAC, umoja wa kemia wa kimataifa, walipendekeza hivyo 1984 na imeshika. Tia mwishoni, sio mwanzoni, isije ikaingilia unachopima.

Na kabla hujaudharau huu ukoo: vile vijikaratasi vya kupimia sukari ya damu, vingi vina silva/silva kloridi iliyochapishwa kama wino, bila friti, bila KCl yake. Inawezaje? Kloridi ya damu inakaa karibu milimoli 100 kwa lita, mwili wenyewe unailinda. Solusheni yako ikiwa na kloridi isiyobadilika, nawe unaweza kufanya hivyohivyo.

Sasa wewe uko wapi?

Una labu ya kufundishia na bajeti ya moja tu, kazi ni maji na chumvi za kawaida: silva, ya jeli kama watumiaji ni wengi. Unapima kutu ya stenlesi au unafanya platinamu kwenye asidi: bado unaweza kubaki na silva ya vyumba viwili, au uhamie zebaki salfeti kama una ruhusa ya zebaki. Uko na alkali kali: zebaki oksaidi, na kama chuo hakitaki zebaki basi RHE ya kiputo, usilazimishe silva kukaa humo kutwa.

Bomba ardhini, tanki la sheli, nondo za jengo la bara: shaba na mrututu. Gati, boti, nguzo zilizosimama baharini: silva ya baharini, na kama mto uko karibu pima chumvi ya maji siku hiyohiyo, au beba silva yenye KCl yake ndani. Kuna wanaotumia kipande cha zinki baharini, ni kigumu hakivunjiki na kinakaa miaka, kwa ufuatiliaji wa kudumu sawa, kwa namba ya ripoti kilinganishe na silva kwanza.

Asetonitraili na wenzake: waya wa silva na ferosini. Kurudia kazi ya miaka ya sabini: kama kalomeli ipo nzima itumie, kama haipo pima kwa silva halafu utoe 0.044, hakuna atakayekufunga.

Na vyovyote utakavyochukua nunua mbili kama mfuko unaruhusu. Moja ya kazi, nyingine haigusi sampuli hata siku moja, inakaa kwenye maji ya aina yake (KCl kwa silva na kalomeli, mrututu kwa ile ya shaba) kama hakimu. Kila wiki zichovye zote mbili kwenye maji hayo, chombo kimoja, multimita kwenye milivolti, zikitofautiana zaidi ya 5 hivi badilisha maji ya ndani ya ile ya kazi, ikikataa tena safisha friti, ikikataa tena iage.

Njia hiyohiyo inakusaidia ukikuta kabatini elektrodi isiyo na lebo. Ichovye na silva iliyoshiba unayoiamini, waya mwekundu kwa mgeni. Ukisoma karibu na 0, ni mwenzake. Kama milivolti 13, ni silva ya 3 M. Kama 44, ni kalomeli, ishike kwa adabu. Ikisoma mia nne na kitu inanukia zebaki salfeti. Ikiwa inatembea tu haitaki kusimama, kimekauka kitu ndani au friti imeziba, ilaze kwenye KCl usiku mzima (isipokuwa ya shaba) kabla hujaamua, halafu jibu liandike kwa maka pen kwenye tepu uibandike juu yake.